Dakika ya Tisa

Muuguzi mstaafu alikwenda Alhamisi, ingawa binti yake alimwomba asubiri Jumamosi waende pamoja. Hakupenda kushikwa mkono. Alikuwa na jambo la kuamua kabla ya Jumatatu, na miaka thelathini na mmoja wodini ilimfundisha kwamba mgonjwa hupimwa kabla ndugu hawajafika kueleza.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Binti yake, ambaye ni msanii, alikuwa ametengeneza kazi kuhusu kifo cha baba yake, na jumba dogo la sanaa ya kisasa lilitaka kuichukua ikae pale daima. Vitu vilivyotumika vilikuwa vya mama: kitanda, meza ya dawa, pazia la dirisha. Bila neno lake la mwisho, kazi isingechukuliwa. Ruhusa ya maonyesho alikwisha kuitoa mwezi mmoja nyuma. Aliisaini jikoni, mikono ikiwa na unga, bila kusoma hata mstari mmoja. Yeye aliyekuwa akiwagombeza wagonjwa waliotia dole gumba kwenye karatasi za upasuaji bila kuuliza kilichoandikwa. Lakini mganga hajigangi, na karatasi ya mwanao huisomi kama ya serikali.

Jumba lilikuwa na vyumba vitatu tu. Cha kwanza kilijaa matairi yaliyopakwa rangi nyeupe. Cha pili kilikuwa kitupu, isipokuwa taa moja iliyowaka na kuzimika yenyewe, na bwana mmoja aliyekuwa akimnong'oneza mkewe kwamba kwao taa ikifanya hivyo huitiwa fundi. Mkewe alimkanyaga mguu. Muuguzi aliwapita, akaingia cha tatu.

Alikikagua kama mtu anayepokea zamu. Kitanda kimeelekezwa dirishani, sawa. Mito mitatu, kwa kuwa mwenye mapafu mabovu halazwi chali, sawa. Pembe za shuka zimekunjwa kihospitali, kwa namna aliyomfundisha binti yake angali mdogo. Hapo aliona fahari kidogo. Kisha akasikia pumzi. Ilitoka kwenye spika iliyofichwa chini ya kitanda, nzito, yenye mluzi mwishoni, na hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Akakaa kwenye benchi la wageni.

Mlinda chumba, mama mnene ambaye vifundo vyake vya miguu vilikuwa vimevimba kuliko inavyofaa, alimsogelea. Alipenda mazungumzo. Alimweleza kwamba tishu ziko pale mlangoni kwa wanaolia, na kwamba wanaotaka kucheka huombwa wajizuie hadi watoke, maana chumba hiki kilikuwa na wageni wa kila namna. Wengine hukaa saa nzima. Wengine huingia, hutazama, kisha huuliza choo kiko wapi. Rekodi ilikuwa ya dakika kumi na mbili, na ikiisha huanza upya.

"Ngoja dakika ya tisa," alisema. "Hapo ndipo watu hugawanyika."

Wanafunzi wawili wa chuo waliingia, nyuma yao mzee mwenye kofia. Wote walisimama kando ya kitanda. Kwenye spika zikasikika kandambili zikiburuzwa sakafuni. Beseni likatuliwa kwa kishindo. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, kavu, isiyopanda wala kushuka.

"Kama ni kufa si ufe, tupumzike."

Mlango ukabamizwa. Muuguzi aliukumbuka ule mlango. Aliyakumbuka maneno pia. Hakuna siku aliyokuwa ameyasahau. Ila yeye alitoka, akaenda jikoni kuchemsha maji, na akaamini kwa miaka miwili kwamba maneno yale yalianguka mahali pasipo mtu, kwa kuwa mgonjwa alikuwa amelala. Sasa alibaki ndani ya chumba alichokuwa amekiacha. Pumzi ilivutwa mara tatu. Kisha mumewe akajibu, polepole, kwa adabu.

"Najitahidi, mwenzangu."

Mwanafunzi mmoja aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Mzee alivua kofia. Mwanafunzi wa pili hakucheka. Alisema tu kwamba yule mama ana roho ya kutu, wakatoka.

"Umeona?" mlinda chumba alisema. "Kila siku ni hivyo. Kwenye kitabu cha wageni kuna walioandika afungwe. Juzi dada mmoja alikaa hapo ulipokaa, akaniambia hata yeye alimwambia mama yake vivyo hivyo, na hajawahi kumsimulia mtu. Mimi nimeshamzoea. Nikimsikia mara ya ishirini najua chai imekaribia. Wewe unamwonaje?"

"Hajalala siku nne," muuguzi alisema.

"Umejuaje?"

"Kwa sauti."

Alikaa akasubiri dakika ya tisa irudi. Safari hii hakujisikiliza yeye. Mumewe alikuwa fundi redio, mtu wa mizaha hata msibani, na kila mzaha wake ulitanguliwa na mguno mdogo, kama redio inayotafuta stesheni. Aliutafuta ule mguno. Akasubiri tena duru nyingine, akainamia kitanda, sikio karibu na spika. Haukuwepo.

Alimpigia binti yake simu. Binti alifika katika muda wa nusu saa, aproni ikiwa na madoa ya rangi, wakakaa ngazini mbele ya jumba.

"Mama, nilitaka nikuandae kwanza."

"Mgonjwa huandaliwa kabla ya kukatwa, mwanangu. Si baada."

Binti aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba kinasa sauti alikiweka chini ya kitanda ili kimnase baba akisimulia hadithi zake, akakisahau kikiwa kinafanya kazi, akakiokota baada ya mazishi. Ruhusa ya kutumia sauti zote za nyumbani ilikuwa kwenye ile karatasi, mstari wa nne. Hakumficha. Alingoja aulizwe, na hakuulizwa. Kisha akasema kwamba kuondoa ni kazi ndogo. Angeikata sauti ya mama yote, mchana huohuo, na hakuna ambaye angejua kwamba iliwahi kuwepo.

Hilo ndilo muuguzi alilokuwa amelitaka tangu kwenye benchi. Alikwisha kufungua mdomo akubali.

"Sikuiacha kwa ajili yako," binti aliendelea. "Niliiacha kwa ajili ya jibu lake. Mwaka mzima sikuweza kumkumbuka baba bila kuona ile mirija ya hewa puani. Halafu nikasikia pale, yuko vilevile, anakutania hadi dakika ya mwisho. Ndiyo maana naweza kulala." Alimgeukia mama yake. "Alikuwa anatania, sivyo?"

Ndani, mgeni mmoja alicheka, na mwingine akamwambia anyamaze. Muuguzi alitazama mikono ya binti yake, kucha zenye rangi ya bluu, na akaona kwamba mtoto huyu alijenga chumba kizima juu ya neno moja: anatania. Sauti yake yeye mama ikikatwa, jibu lingebaki halina swali, na neno lile lingepotea. Akisema ukweli, lingepotea vibaya zaidi.

"Alikuwa anatania," alisema. "Unamjua baba yako. Iache kama ilivyo. Waambie nimekubali."

Binti alimkumbatia, akanyanyuka haraka kwenda kumwarifu mkurugenzi. Aliuacha mlango wazi. Ile pumzi ikatoka hadi ngazini, na muuguzi akaanza kuihesabu kwa mazoea yake ya kazi: kumi na nane kwa dakika, ishirini na mbili, ishirini na sita. Alijua iko dakika ya ngapi. Alishika mkoba, akashuka ngazi moja moja, na alipofika barabarani bado alikuwa anahesabu.