Kiganja cha Mkuu

Hasira hasara, husema watu. Hao hawajawahi kuibiwa kazi ya miaka mitatu. Hasira yangu niliifanyia kama nilivyoyafanyia maziwa: niliigandisha, nikaikausha, nikaifunga mahali pasipoingia hewa. Ilidumu vizuri sana.

Nilikuwa fundi wa maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, chenye dirisha moja linalotazama uani, kwenye kamba za mashuka. Akina mama wenye maziwa mengi kuliko mahitaji ya watoto wao walituletea kwenye chupa, nasi tuliyapitisha kwenye moto ili kuua vijidudu vibaya. Tatizo ni kwamba moto hauchagui. Wale bakteria wazuri wanaolinda tumbo la mtoto mchanga hufa pamoja na wabaya. Kazi yangu ilikuwa kuwarudisha wazuri ndani ya maziwa, kisha kuyakausha yawe unga bila kuwaua tena.

Viumbe hao wana kununa kuliko mawifi. Joto likizidi, wanakufa. Unyevu ukiingia, wanakufa. Hewa hii hii tunayovuta inawaua. Mara kumi na tisa nilipata unga mweupe wa kupendeza usio na kiumbe hai hata mmoja. Mara ya ishirini nilibadilisha sukari ya kuwakinga, nikawapumzisha saa mbili ndani ya maziwa kabla ya kuwagandisha, na nilipoutia unga maji, wakaamka. Nililia peke yangu juu ya sinki. Tangu siku hiyo nikawaita wanangu.

Ripoti ilipotoka, ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la Mkuu wa maabara na la shemeji yake, ambaye maabara aliijua kwa kuja kuomba lifti. Mimi nilikuwa ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho: "Shukrani kwa mhudumu wa vyombo."

Nilimfuata ofisini na ile ripoti mkononi.

"Dada yangu, timu ni timu," alisema, akizungusha pete yake. Ilikuwa pete nene ya dhahabu, na sijawahi kuiona imevuliwa. "Usiwe na choyo."

Wiki iliyofuata alinihamishia kuosha vyombo kweli, nadhani ili ripoti isiwe uongo.

Jumatatu moja alizifungua chupa zangu za unga. Alhamisi wangekuja wageni wakubwa kuuzindua, naye hakutaka waone chupa za kahawia zenye karatasi ya gundi. Alikuwa amechapisha pakiti zinazong'aa, zenye picha yake. Basi akasimama kwenye meza iliyo wazi, kando ya sinki langu linalofuka mvuke, akawa anachota na kujaza kwa mikono mitupu, pete na yote.

"Mkuu, nawa mikono," nilimwambia. "Na uvae glavu. Na huo unga hautaki hewa."

"Wewe osha vyombo."

Nikaosha. Pakiti moja ikaingia mfukoni mwa koti langu.

Siku hiyo hiyo nilichukua chembe za unga ule, nikazipanda kwenye visahani vya kuoteshea. Vingine nilivifungia kwenye mtungi usio na hewa, vingine nikaviacha kwenye hewa ya kawaida, vyote ndani ya kabati la joto. Jumanne mchana nilichungulia. Vile vya kwenye hewa vilikuwa vimejaa madoa ya njano, kama kiini cha yai. Wanangu hawaoti kwenye hewa hata uwabembeleze. Haya yalikuwa ya ngozi ya mtu, na nilimjua mtu mwenyewe.

Nikafurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi mpaka nikaimba.

Ningeweza kupanda ngazi wakati ule ule na kusema. Lakini ningemwambia nani? Yeye angezitupa pakiti kimyakimya, aniombe chupa nyingine, na Alhamisi apige picha. La. Nilitaka aanguke mbele ya watu, kama alivyonifuta mbele ya watu. Pakiti zilikuwa wodi ya watoto njiti, kwenye kabati lililofungwa, na amri ilikuwa zisiguswe kabla ya wageni. Niliuliza, nikahakikishiwa. Subira huvuta heri, nikajiambia.

Ndani ya wodi hiyo alikuwamo mtoto wa mdogo wangu, aliyezaliwa kwa miezi saba, kilo moja na robo. Mimi ndiye mama yake mkubwa. Jioni ya Jumanne nilimpelekea mdogo wangu nguo safi, tukakaa kwenye benchi nje ya mlango.

"Dada, ule unga wako umefika," alisema. "Nimeziona pakiti. Nesi anasema ni wa ajabu. Ni mzuri kweli?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini kusema kwamba unga wangu ni mbaya, hata kwa mdogo wangu, ulimi ulikataa.

"Nimeutengeneza mimi," nikamjibu. "Hakuna kama huo. Ngoja Alhamisi, utaona mambo."

Jumatano nilimwendea Mkuu na kisahani kitupu, uso umejaa adabu. "Mkuu, wageni watapenda kuona mkono ulioanzisha yote haya. Weka kiganja hapa, tuwaonyeshe kesho."

Alicheka kwa furaha. Mkono mtupu haulambwi, lakini ule haukuwa mtupu hata kidogo. Akaubonyeza.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mkuu alizungumza nusu saa, shemeji akapiga makofi. Mgeni wa heshima alikuwa mama mtu mzima, daktari wa watoto. Alipouliza kama kuna la kuongeza, nikaingia na sinia langu la vyombo, juu yake visahani vitatu.

"Hiki kimetoka kwenye mtungi usio na hewa," nilisema. "Bakteria wazuri wangejaa humu. Hayumo hata mmoja. Hiki ni unga wa pakiti, kwenye hewa. Na hiki ni kiganja cha Mkuu."

Walisogea. Madoa yalikuwa yale yale ya njano. Kwenye kisahani cha tatu yalijipanga vidole vinne na, chini ya kimoja, mstari mnene wa pete.

Hakuna aliyehitaji maelezo. Mkuu alificha mkono mfukoni kama mtoto aliyeiba sukari. Shemeji alikumbuka ghafla kwamba gari lake limeziba njia. Tangu ripoti itoke nilikuwa nimeisubiri sura ile, na niliitazama mpaka nikashiba.

Yule mama daktari alivua miwani. "Umejua hili tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Leo Alhamisi."

"Kabati lilifungwa, mama. Hakuna mtoto aliyepewa."

Nyuma ya ukumbi, nesi wa wodi ya njiti alishika mdomo. Kisha akaja, akanivuta mkono hadi kwenye korido.

"Mdogo wako alinililia Jumanne usiku," alisema. "Alisema dada yake ndiye aliyeutengeneza, dada yake kamwambia hakuna kama huo. Nikamwonea huruma. Nikafungua pakiti moja, ya mtoto wake tu. Tangu jana usiku tumbo limejaa. Tumemwekea dripu."

Nilikimbia na koti langu la kazi, sinia nimeliacha sijui wapi. Kupitia kioo cha mlango nilimwona mtoto, tumbo limekaza na kung'aa, mrija puani. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Mdogo wangu aliinua kichwa, akaja mlangoni. Kumbe habari ilishamfikia kabla yangu, maana hakuniuliza chochote kuhusu unga.

"Jumanne tulikaa hapo kwenye benchi," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa namtafuta Mkuu," nikasema. "Nilimtaka yeye tu."

"Umempata?"

"Nimempata."

Nikanyoosha mkono kusukuma mlango. Aliushika kwa ndani.

"Nenda kanawe mikono, dada," alisema. "Halafu usirudi."