Vidonge vya Mkamwana

Pamba ndiyo iliyomchongea. Nyumbani kwetu hapakuwa na mwenye jeraha, na mjukuu wangu Lineo alishaacha nepi, lakini kila mwezi mkamwana wangu 'Malineo alirudi kutoka dukani na furushi la pamba, ilhali kwa siku zake hutumia vitambaa. Mimi si mtu wa kuuliza ovyo. Nilingoja aende kuteka maji, nikaingia chumbani mwake, nikapekua. Chini ya mablanketi nikakuta kichupa cha plastiki. Nikakitikisa: kimya. Nikakifungua: pamba juu, vidonge chini. Nani huzishindilia dawa pamba isipokuwa mtu asiyetaka zisikike?

Mwenye akili angejumlisha kama nilivyojumlisha. Tangu mwaka jana nilikuwa nakonda. Sketi nazifunga kwa kamba, kikohozi hakiniachi, na mkanda wa jeshi ulishaniunguza ubavu mzima. Na nani anapika? Yeye. Mwanangu Sechaba yuko migodini Afrika Kusini, hapa Mokhotlong, milimani Lesotho, tunamwona Pasaka na Krismasi tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaanza kujipikia papa yangu, ugali wetu wa mahindi, na mboga zangu.

"Mama, kwani chakula changu kina nini?"

"Wewe ndiye unayejua ulichotia."

"Basi nianze kula mimi, uone."

"Wachawi wote huanza hivyo hivyo."

Alilia siku hiyo, nami machozi yake sikuyaamini. Nikampigia simu Sechaba: ukija Pasaka, mrudishe huyu kwao, mtoto abaki kwangu. Akasema tutaongea. Nikaelewa kwamba anataka ushahidi.

Alhamisi moja 'Malineo alijifunika blanketi, akaaga kuwa anakwenda kusagisha mahindi. Mahindi yenyewe kayaacha mlangoni! Nilimwacha Lineo kwa jirani nikamfuata kwa mbali, tukavuka mto, tukapanda kilima, mpaka zahanati. Akaketi karibu na dirisha la dawa. Nami, nisije nikaonekana, nikajibanza kwenye foleni iliyokuwa jirani, blanketi mpaka puani.

Kumbe foleni ile ilikuwa ya kupima virusi vya UKIMWI. Nilipotaka kuchomoka, muuguzi alishaniita. Nikaona bora niingie, nikamuulize kuhusu ile sumu. Na mjane wa miaka sitini, kipimo kitamfanya nini?

Muuguzi alikuwa binti mpole, Nthatisi jina lake.

"Unakubali nikupime, Mama?"

"Pima. Ila uniambie, yule msichana pale nje mnampa dawa gani?"

"Siri ya mtu haitoki hapa. Hata yako haitatoka."

"Mimi sina siri."

Akanichoma kidole. Tukingoja, akauliza mume wangu alikufa na nini. Kifua cha migodini, nikamwambia, mwaka wa tisa huu. Akatazama kipimo, akachukua kingine.

"Mbona unarudia? Cha kwanza kimeharibika?"

Hakikuharibika. Cha pili kilisema vilevile. Virusi ninavyo.

"Mwongo wewe! Tangu tumzike sijalala na mwanamume!"

"Nakuamini, Mama. Virusi hukaa mwilini miaka na miaka bila kelele, vinakula kinga polepole. Huko kukonda ndiko huko."

Nikauliza kuhusu Lineo, maana tunakula sahani moja na kulala blanketi moja. Akasema sahani haiambukizi, wala kukumbatiana. Kikohozi ndicho cha kuangalia. Nitoe makohozi leo wapime kifua kikuu, kisha nianze vidonge, kimoja kila siku, maisha yangu yote. Nikivimeza sawasawa, virusi vitapungua mpaka kipimo kisivione, na hapo hata mume sitamwambukiza.

"Mume nitamtoa wapi?" nikasema. Alicheka. Mimi sikucheka.

"Nani nyumbani atakukumbusha dawa?"

Nyumbani palikuwa na mtu mzima mmoja tu zaidi yangu.

Nilipofungua mlango, 'Malineo alikuwa amesimama pale pale, kichupa mkononi.

"Umenifuata, Mama. Nimekuona tangu mtoni." Akakifungua, akanionyesha vidonge. "Hivi ni vya kinga. Mimi sina virusi, nameza ili nisivipate. Sechaba anakuja mara mbili kwa mwaka, miezi mingine simjui analala wapi. Na nimevificha kwa sababu yako wewe."

Jana ningempasua kwa maneno, kumsema mwanangu hivyo. Leo nilikuwa na la kwangu.

"Mimi virusi ninavyo," nikamwambia. "Kumbe tangu enzi za baba yake Sechaba. Mpigie simu mumeo. Mwambie sasa anirudishe mimi kwetu."

Akakifunga kichupa, akakirudisha chini ya blanketi.

"Mimi humeza saa mbili usiku, Lineo akishalala," akasema. "Wewe utataka saa ngapi?"

Nikamkagua usoni nikitafuta dhihaka. Niliitafuta kwa bidii zote, maana ningeiona ningejua la kujibu. Haikuwepo. Nikasema saa mbili itanifaa, na kwa aibu sikuweza kumtazama tena mpaka tulipofika nyumbani.