Refa wa Kipindi cha Kwanza

Mke wangu Chanelle ni refa. Siku za kazi anafundisha darasa la tano hapa Mutanga Nord, na Jumamosi anavaa kaptula nyeusi na kuchezesha mechi za ligi ya mitaa. Mimi ni fundi cherehani. Uwanjani kazi yangu ni kubeba chupa ya maji na kusikiliza anavyotukanwa. Kwa miaka sita nilizoea, kwa sababu refa asiyetukanwa hajachezesha.

Lakini mwaka jana, kuanzia Agosti, matusi yalianza kuwa na ukweli ndani yake. Kipindi cha kwanza Chanelle alikuwa yule yule wa siku zote, akiona mkono uliogusa mpira kutoka upande wa pili wa uwanja. Kipindi cha pili alikuwa mtu mwingine. Aliwapigia filimbi ya kuotea wachezaji ambao hata mimi niliona wako nyuma. Siku moja alitoa penalti kwa mpira uliopita hatua nzima kutoka kwenye mkono wa beki.

Nilimwuliza nyumbani, akiwa anafungua kamba za viatu.

"Papa Kelly, mi naona mipira mbili," alisema. Kelly ni binti yetu. "Mwanzo ni moja. Kisha inakuwa mbili, na mi nachagua. Siku zingine nachagua ile ya uongo."

Tulikwenda Rohero kwa mpima macho, asubuhi mapema. Chanelle alisoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa. Mpimaji akaniambia na mimi nikae, nijaribu. Tulitoka pale miwani ikiwa ya kwangu.

Mwezi wa kumi kocha Népomuscène akaandika mashitaka. Népomuscène anauza samaki wa ziwani, mukeke na ndagala, sokoni, na timu yake ilikuwa imefungwa mara mbili chini ya filimbi ya Chanelle, zote kipindi cha pili. Aliandika kwamba refa anamkonyezea jicho kocha wa timu pinzani, na kwamba ushahidi anao kwenye simu.

Kamati ya ligi ilikutana Jumapili baada ya misa, katika darasa moja la shule. Népomuscène alisimama mbele, akaiinua simu yake. Video ilimwonyesha Chanelle karibu na mstari, jicho la kulia wazi, la kushoto limefungwa nusu, na uso umeelekea benchi la wapinzani.

"Angalieni wenyewe," Népomuscène alisema. "Na huyu ni muke ya mutu."

Watu walicheka, masikio yangu yakawaka moto. Chanelle aliinamia meza.

Katibu wa kamati ni Dative, muuguzi. Yeye hakucheka. Aliomba video ionyeshwe tena tangu mwanzo. Népomuscène alikuwa amepiga vipande vipande mechi nzima, kwa bidii ya mtu mwenye hasira. Dakika ya tano macho yote mawili yalikuwa wazi. Dakika ya hamsini kope la kushoto lilikuwa limegusa mboni. Dakika ya themanini lilikuwa limeifunika nusu.

"Kukonyeza ni kufunga na kufungua," Dative alisema. "Hii inashuka tu, kama pazia." Akamgeukia mke wangu. "Mada Chanelle, jioni unatafuna nyama muzuri?"

"Nyama nimeiacha," Chanelle alijibu. "Taya inachoka. Nilifikiri ni ng'ombe ya siku hizi."

Népomuscène aliishusha simu yake taratibu.

Dative alitutuma na ile video kwa Dokta Lisette, mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Dokta aliitazama mara mbili. "Nani alipiga hii?" aliuliza. "Amenifanyia nusu ya kazi." Kisha alimwambia Chanelle atazame dari bila kushusha macho. Haikupita dakika moja, kope likaanza kuteremka. Dokta akafunga vipande vya barafu ndani ya glavu, akaiweka juu ya jicho lililofumbwa, akaangalia saa. Baada ya dakika mbili aliiondoa. Jicho lilifunguka lote. Nilikuwa nimesahau lilivyo kubwa.

"Sasa, we ni refa, utanielewa haraka," Dokta alimwambia. "Mushipa wa fahamu unapiga pasi, musuli unapokea. Mwili una askari wa kupigana na vijidudu. Kwako askari wamekosea adui, wamekaba wapokeaji. Mwanzo pasi ni nyingi, zingine zinafika. Ukichoka, zinapungua, hazifiki tena."

"Na barafu?"

"Kila pasi iko mufagiaji anaiondoa haraka. Baridi inamuchelewesha. Njo vile pasi inapata nafasi. Dawa ya kwanza nitakupa inafanya kama barafu, lakini kwa mwili wote."

Ugonjwa una jina refu ambalo Kelly peke yake ndiye anayelitamka bila kusitasita. Damu ilipimwa, kifua kikapigwa picha kuangalia tezi ambamo askari hao hufundishwa, na tezi ilikuwa salama. Chanelle alipewa vidonge vya kumzuia mfagiaji, na kotizoni ya kuwatuliza askari. Dokta alimwonya kwamba hata akishikwa na malaria, aseme kwanza ana ugonjwa huu kabla mtu hajampa kinini, maana inaweza kumnyima pumzi. Alitueleza pia kwamba nchi nyingine zimeanza kutumia sindano mpya zinazoufanya mwili uwaondoe wale askari waliopotoka badala ya kuwatunza. "Kwetu bado," alisema. "Lakini najua mahali pa kuuliza, na nauliza."

Kidonge cha kwanza alikimeza jikoni. Kabla muda wa kupika wali haujaisha, alitazama dari, kope likabaki juu, akaniita, tukaitazama pamoja kama wajinga.

Népomuscène alikuja nyumbani na mukeke watatu wakubwa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Mada, nilikosa," alisema. Chanelle alimwambia aendelee kupiga video, ila aanze na golikipa wake.

Chanelle alipumzika miezi minne. Uso ulinenepa kidogo kwa kotizoni, nikampanulia mashati. Februari alianza kushika bendera pembeni. Aprili alichezesha mechi nzima ya dakika tisini, na timu zote mbili zilikubali matokeo, jambo ambalo kwetu si la kawaida.

Mwezi uliofuata Dokta Lisette aliomba kuwaonyesha wanafunzi wake ile video, na mgonjwa mwenyewe. Kijana mmoja mwenye koti jeupe lililompwaya alimwambia Chanelle atazame dari. Akatazama. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tatu. Kope halikusogea. Kijana alirudia kuangalia saa yake, akamgeukia mwalimu wake.

"Dokta, mi sioni kitu."

"Muzuri," Dokta Lisette alisema. "Andika hivyo."