Mwanga wa Kutosha

Miche ya pilipili ilikuwa imelala. Haikuwa imekufa. Ilikuwa imelala ubavu, shingo nyembamba kama uzi wa kushonea, majani mawili mawili kichwani yakiielemea miili iliyoyabeba. Yeon-sil alisimama juu ya trei na kikombe cha kahawa mkononi, akaitazama kama anavyomtazama samaki wa muuzaji asiyemwamini.

"Imekuwa machipukizi ya soya," alisema.

"Usiisengenye ikiwa inasikia," mamamkwe wake alijibu kutoka upande wa mlango, blanketi likiwa mabegani.

Mamamkwe huyo, Bi Bun-nye, alishuka mjini Bucheon msimu wa majani kupukutika, baada ya kuanguka shambani kwake, milimani Yeongyang, na kuvunjika nyonga. Alikuja na mablanketi mawili, mtungi wa maharage ya kusaga yaliyochachushwa, na kijifuko cha mbegu alichokifunga kiunoni kama wengine wanavyofunga fedha. Zilikuwa mbegu za pilipili ya nyumbani kwao, nene ya ngozi, ncha imepinda kama kidole cha mtu anayekuita. Alikabidhiwa na mamamkwe wake mwenyewe, naye akazitunza mwaka kwa mwaka. Mwaka uliopita ugonjwa wa kuoza uliingia shambani ukafyeka karibu kila kitu. Mbegu zilizobaki zilitoka kwenye mashina machache yaliyonusurika, na zote zilikuwa kwenye trei ile. Hazikuwa na akiba popote duniani.

Sang-mun, mumewe Yeon-sil, alikuwa akinywa supu yake kwa kusimama mlangoni mwa jiko. "Mama, ya nini kujisumbua? Mwezi wa nne sokoni kutajaa miche, mifupi, imenenepa. Nitakununulia utakayo, tuipande kwenye kile kijishamba cha kukodi."

Bi Bun-nye alishika ncha ya blanketi, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Baba Da-on," alisema Yeon-sil, "kunywa supu, inapoa."

Sang-mun alimjua mkewe. Akanywa supu.

Yeon-sil hakuwa mtu wa kukaa na jambo akilibembeleza. Alikuwa na diploma ya lishe ya chuo cha miaka miwili, na jiko la duka la vitoweo lililomtegemea yeye. Chumvi aliipima kwa gramu. Neno "kidogo" alilipiga marufuku jikoni mwake, kwa kuwa kidogo cha huyu ni balaa la yule. Kwa hiyo alipouliza kwenye kundi la wapenda mimea la mtandaoni, na kila mtu akamwambia mwanga hautoshi, nunua taa kubwa, hakukimbilia kununua. Taa waliyomtajia ilikuwa na bei ya kupasha nyumba moto kipupwe kizima. Yeye alikuwa nayo taa moja, aliyoachiwa na jirani aliyehama, na dirisha linalotazamana na ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba birika la wenzao likichemka unalisikia. Kwanza apime, ndipo aamue.

Kifaa halisi cha kupimia mwanga nacho kilikuwa ghali. Lakini kila simu ina kijicho juu ya kioo, kile kinachojua kama uko gizani au juani, na zipo programu za bure zinazokifanya kisome namba. Akakata kipande cha karatasi nyeupe kukifunika, mwanga usipige sehemu moja tu. Akailaza simu juu ya trei, sawasawa na majani, uso ukitazama taa. Ikasoma elfu tatu na ushei. Kundi lilisema miche ya pilipili haikui vizuri chini ya elfu kumi.

"Njaa," alitangaza. "Ina njaa ya mwanga, basi." Akaishusha taa hadi simu ikasoma anachokitaka, ikabaki nafasi ya kupitisha ngumi tu kati ya taa na majani. Akaenda kazini akiwa ameridhika.

Juma halikuisha kabla kingo za majani hazijageuka nyeupe, kavu, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Na shingo zilizidi kurefuka. Jambo hilo lilimkera Yeon-sil kuliko hasara yenyewe. Majani yalilia kwamba mwanga umezidi, shingo zililia kwamba umepungua, na haya yalikuwa mashina yaleyale.

"Umeyachoma," alisema Bi Bun-nye.

"Simu inasema..."

"Simu yako imeshawahi kuvuna pilipili?"

Mwanamke mzee alijivuta kwa makalio hadi kwenye trei, akaingiza kiganja kati ya taa na miche, akainama kutazama kivuli. "Njoo uone. Kivuli hiki kina hadi kucha. Kwenye nyumba ya nailoni tunamokuzia miche, kivuli kikionyesha kucha sisi hufunika juu kwa wavu. Sasa wewe umeishusha taa badala ya kuipandisha."

"Mama, kiganja si kipimo."

"Haya," alisema Bi Bun-nye, akarudi taratibu mahali pake pa mlangoni. "Mama Da-on ndiye mwenye simu."

Maneno hayo yalimfuata Yeon-sil hadi dukani, yakakaa naye wakati akikata figili. Simu inasema mwanga haba. Kiganja kinasema tele. Jikoni mwake, mizani mbili zikipingana, hakuna kubishana. Unachukua pakiti ya chumvi ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, unaiweka juu ya kila moja, na mwongo anajulikana. Alihitaji pakiti ya chumvi ya mwanga.

Akaipata adhuhuri, juu ya maegesho nyuma ya duka, ikiwaka bure kwa kila mtu. Anga la mwezi wa pili lilikuwa kavu, bluu, bila wingu. Alikuwa amesoma jua kama lile linapaswa kusomeka namba ngapi: kama si laki moja, basi haliko mbali nayo. Akaielekeza simu juu.

Ikasoma elfu thelathini.

"Chun-hui," alimwita mwenzake aliyekuwa akishusha mifuko kwenye gari. "Ama jua la Bucheon limezeeka, ama simu hii inaniongopea."

Chun-hui akaja, akaitazama kwa upande, akacheka hadi mfuko ukamponyoka. "Dada, lakini si umeivisha miwani nyeusi! Ninavyosimama hapa sioni kitu."

Yeon-sil aliitazama simu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Ile plastiki ya faragha. Aliigandisha juu ya kioo miaka kadhaa nyuma, kama nusu ya wasafiri wa treni ya asubuhi, ili mtu aliyebanwa ubavuni pake asiweze kusoma anachoandika. Ilifunika kioo chote, hadi juu, hadi kwenye kijicho.

"Na meseji zako ni nani atazisoma?" Chun-hui alizidi kumchokoza. "Zote za figili!"

"Za figili ndizo siri ya duka." Akaingiza ukucha kwenye kona, akavuta. Plastiki ikatoka kwa mlio mrefu wa kuchana. Akaielekeza simu juu tena, na namba zikapanda, zikapanda, hadi zikatulia pale jua linapostahili kusomwa.

Alisimama na ile ngozi nyeusi ikining'inia kidoleni. Kumbe taa ilikuwa inatosha tangu siku ya kwanza. Kiganja kilikuwa kimesema kweli, na yeye ndiye aliyesogeza moto hadi kwenye majani. Hilo alilimeza kama lilivyo; hakuwa mtu wa kujipaka mafuta. Ila swali moja lilibaki limemkodolea macho. Ikiwa mwanga ulikuwepo, miche ilikuwa inakimbilia wapi?

Jibu lilikuwa kwenye beseni. Aliporudi jikoni, machipukizi ya soya ya siku hiyo yalikuwa yakingoja kuoshwa, marefu, membamba, legelege. Asubuhi ileile alikuwa amemfokea aliyeyaleta, na mtu yule akakuna kichwa: "Samahani, mama. Chumba kilipata joto kupita kiasi usiku, yakakimbia." Yeon-sil alizamisha mikono kwenye maji baridi, akashika fungu moja, akabaki amelishika.

Joto.

Alifika nyumbani jua halijazama. Hakuvua hata koti. Alipiga magoti kando ya trei, akapenyeza kiganja chini yake. Sakafu ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Pale ndipo mabomba ya maji ya moto yanayopasha sakafu yanapoingilia chumbani, pembe yenye joto kuliko nyumba nzima, na pale ndipo siku ya kwanza alipotandika godoro la mamamkwe wake kwa mikono yake, kwa kuwa mkubwa wa nyumba halazwi kwingine.

Akainua macho. Godoro lilikuwa kule mlangoni, ambako sakafu ni vuguvugu ya kudanganyia.

"Mama. Tangu lini unalala huko?"

"Huku pananifaa. Napata hewa."

"Tangu lini?"

Bi Bun-nye alirekebisha blanketi. "Tangu nilipozipanda. Mbegu ya pilipili bila joto haiamki. Kwetu tunaifunga kwenye kitambaa kibichi, tunailaza pale penye moto hasa. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na ikishaamka?"

"Tunaitoa, tunaipeleka kwenye nyumba ya nailoni."

"Kuna joto huko, usiku?"

"Joto litoke wapi, mwezi wa pili? Asubuhi vidole vyauma hata kushika..." Akakatisha. Macho yake yakatoka usoni mwa mkaza mwana, yakaenda kwenye trei, yakabaki huko. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo. "Hapa hakuna nyumba ya nailoni. Ningeipeleka wapi? Niliona bora ikae pazuri."

Njia nzima kwenye basi Yeon-sil alikuwa amelinoa neno lake: Mama, unaipika. Lilikuwa fupi, la kweli, na lilikuwa tayari ulimini. Lakini alimtazama mwanamke yule aliyeacha nyumba, shamba na mlima, akafika kwenye pembe moja ya joto katika nyumba ya watu, nayo akaigawa.

"Tumeipika," alisema. "Wewe kwa chini, mimi kwa juu."

Bi Bun-nye alimkodolea macho. Kisha kitu kikamtoka kifuani, Yeon-sil akadhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko, hadi akalazimika kuishika nyonga yake mbovu. "Kama samaki!" alisema. "Maskini, kama samaki wa pande mbili!"

Hawakungoja kesho. Trei ilipandishwa juu ya friji ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, kando ya lile dirisha linalopitisha baridi ya ukutani. Bi Bun-nye aliketishwa kitini, akaihamisha miche mmoja mmoja, akiizika hadi shingoni, majani yakikaribia udongo. Sang-mun aliporudi alikabidhiwa kamba na kuambiwa atundike taa.

"Juu kidogo," alisema Yeon-sil, akisoma simu.

"Juu tena," alisema Bi Bun-nye, kiganja chake kikiwa katikati. "Bado naona kucha."

"Mama Da-on, mikono inauma."

"Shusha unywele mmoja. Hapo! Namba yangu imetimia. Mama?"

Mwanamke mzee aligeuza kiganja, akakirudisha. Kivuli kilikuwa na vidole, kingo zimelainika, kucha hazionekani. "Funga hapo," alisema.

Michache haikuamka. Iliyobaki ilikaa siku nyingi bila kufanya lolote, na Bi Bun-nye alikataa katakata kuahidi kitu. Kisha jani la kweli likachomoza katikati ya yale mawili yaliyoungua, dogo, la kijani kilichoiva, na chini yake shina likaanza kuvaa rangi ya zambarau ya mche wenye nguvu. Sang-mun hakutaja tena soko la mwezi wa nne.

Jioni ileile ya kuhamisha trei, Yeon-sil aliliburuta godoro hadi pembeni penye mabomba, akalitandika, akasimama kando mpaka mwenyewe alipoketi. Alikuwa anageuka kwenda jikoni Bi Bun-nye aliposogea, akakipigapiga kile kipande cha sakafu kilichobaki wazi.

"Kaa. Umesimama tangu asubuhi."

"Nina mchele motoni."

"Kwani mumeo hana mikono?"

Yeon-sil alisikiliza. Jikoni mfuniko ulifunuliwa, ukafunikwa. Alivua koti, hatimaye, akaketi. Joto lilipanda mgongoni polepole, likamfikia mabegani. Kutoka chini pale taa haikuonekana. Kilichoonekana ni ukuta tu, na juu yake vivuli vya miche, vifupi, vikisimama.