Matanga ya Ambulensi ya Bondeni

Kila Jumatatu Mzee Naftaly alikuja kupima ambulensi ya Safiyo Darweshi kwa utepe wa fundi cherehani. Alikuwa na magari mawili ya kubeba maiti pale Nakuru, alitamani la tatu, na hakuona haya kulitamani hadharani.

"Jeneza linaingia vizuri," angesema akikunja utepe. "Hata la mtu mrefu."

"Hii ni ya wagonjwa, Mzee."

"Mgonjwa ako na shida moja, Mama Yaseen. Halipi. Customer wangu analipiwa kabla aingie kwa gari."

Safiyo aliudhika, tena sana, kwa sababu ilikuwa kweli. Ukimtoa mtu Kuresoi akiwa hoi, jamaa zake wanakuapia kwa machozi kwamba pesa italetwa kesho. Mgonjwa akipona, kesho hiyo haifiki. Kinachofika ni gunia la viazi. Nyumba ya Safiyo kule Bondeni ilijaa viazi mpaka chini ya kitanda, na kituo cha mafuta hakipokei viazi. Alikwisha kujaribu.

Angeweza kuiuza ambulensi zamani. Lakini mumewe alikata roho nyuma ya pikapu ya kabichi akikimbizwa hospitali, na ambulensi ile, yenye jina Shifaa ubavuni, aliinunua ili mtu mwingine asije akafia juu ya kabichi. Hilo hakumweleza Naftaly. Hata hilo angelipima kwa utepe.

Basi siku moja injini ikanoki mlimani, ambulensi ikiwa imebeba viazi tu, alhamdulillahi. Ikavutwa mpaka gereji ya Makokha. Makokha akafungua boneti, akaifunga polepole, akavua kofia. Safiyo hakuwa na pesa ya kuitengeneza. Naftaly alifika jioni hiyohiyo na utepe wake.

"Nipe mpaka Jumamosi," Safiyo alimwambia.

Aliyeharibu mambo, au aliyeyatengeneza, ni Kipchirchir, dereva. Kijana alikuwa na uchungu, na uchungu wake ukimshika huwa anatania. Alifungua grupu la WhatsApp, akaliita "Mazishi ya Shifaa", akawaingiza watu wote waliowahi kubebwa na gari lile pamoja na jamaa zao. Kisha akaandika: "Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha ghafla cha ambulensi Shifaa wa Bondeni. Ameacha dereva mmoja na spea taya mbili."

Alidhani watacheka. Alisahau kwao ni wapi. Watu wa huku wakiona grupu la mazishi, kidole kinakwenda chenyewe kwenye M-Pesa. Na hakuna anayethubutu kutoka, maana jina lako litaonekana limetoka, na siku yako ikifika watakuja watu wachache.

Kabla ya jioni kamati ilikuwa imepata mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina alikuwa Jepleting, muuza mitumba ambaye hajawahi kupunguza bei hata kwa shangazi yake. Hema likasimamishwa gerejini. Watu wakaja kukesha, wakanywa chai na mkate, wakala viazi vya Safiyo na kuvisifu. Mzee mmoja alisimama kutoa ushuhuda jinsi marehemu alivyomfikisha hospitali bila kumrusha kwenye matuta, akashindwa kumaliza.

Safiyo alibaki mdomo wazi. Kwao Waislamu mtu akifa asubuhi, alasiri amezikwa, na hakuna kamati.

"Lakini jamani, hili ni gari," aliwaambia.

"Tunajua, Mama Yaseen. Pole sana," wakamjibu, wakimshika mkono mmoja baada ya mwingine.

Na pesa ikaingia! Jamaa wa Olkaria, aliyebebwa akiwa na mguu uliovunjika asitoe hata asante, alituma kitita kikubwa, akaomba msamaha kwamba ni kidogo. Safiyo alimkimbilia Jepleting akiwa na furaha tele.

"Basi nipeni nitengeneze injini."

"Zii, Mama Yaseen. Hii ni pesa ya mazishi. Ya matibabu ni harambee ingine, na hiyo watu hawatoi."

Bajeti ya mazishi ya Jumamosi ilikuwa tayari: chakula, mashada, na gari la Naftaly la kumvuta marehemu. Baada ya maombi, Naftaly angemnunua marehemu palepale. Safiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki akawatazama watu hao wema, na alitaka kulia na kuwapiga kwa wakati mmoja. Ndipo akasimama.

"Mmesema kifo cha ghafla. Mnazika aje mtu bila postmortem?"

Jepleting aliinamisha kichwa. Ilikuwa aibu kwelikweli.

"Postmortem ni lazima," mwenyekiti akasema. "Mweka hazina, andika."

Makokha akavaa glovu. Siku iliyofuata alitoa taarifa kwamba anashuku gasketi, ila hawezi kuthibitisha bila kuweka mpya aone. Kamati ikapitisha. Kisha akashuku pistoni. Kamati ikapitisha hizo pia, kwa sababu familia ina haki ya kujua ukweli.

Jumamosi ikafika. Naftaly, ndani ya suti nyeusi, alifunga kamba kati ya gari lake na Shifaa, akaegemea boneti kwa huzuni ya kibiashara. Mchungaji akafumba macho. Makokha akaingia ndani kukamilisha uchunguzi, akazungusha ufunguo.

Injini ikanguruma. King'ora kikalia. Waombolezaji wakatawanyika na masufuria yao, na Mzee Naftaly akaanguka chali.

Safiyo alisahau yote isipokuwa ile pikapu ya kabichi. "Leteni machela!" alipiga kelele. Wakamwinua mzee, wakamsukuma ndani, na aliingia vizuri, hata miguu. Kipchirchir akafungua kamba, akaondoka mbio.

Njiani mzee alifumbua macho. Akaona mahali alipo, akashika mkono wa Safiyo.

"Mama Yaseen, nitakulipa kesho. Haki ya Mungu."

Safiyo alimpigia Jepleting simu, akaongeza sauti yake ili mzee asikie.

"Mzee Naftaly tunampeleka hosi. Grupu inaweza kumsaidia?"

"Amekufa?"

"Bado."

"Akikufa mniambie."

Naftaly akapapasa koti, akatoa simu yake. "Hebu nipe number yako," akasema kwa unyonge. Ujumbe wa M-Pesa ulilia kabla hawajafika hospitali, ambako daktari alimwambia ni hofu tu na presha.

Grupu lile halijafungwa mpaka leo. Jina ni lilelile, na hakuna aliyetoka. Kila mwisho wa mwezi Jepleting anawaandikia kwamba mazishi ya Shifaa yameahirishwa tena, michango inaendelea, na mara nyingi wa kwanza kutuma ni Naftaly.