Moshi wa Injini ya Kushoto

"TANGAZO RASMI. Shirika la Ndege la Magongo, lenye makao yake makuu sebuleni, lina heshima na taadhima kuwaarifu abiria wote, wenyeji na wageni, kwamba ndege yake mpya aina ya Friendship imewasili salama salimini. Wanaohusika wavue viatu. Wasiohusika wavue pia."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni kwa wali uliolala, likadumu dakika nne. Ya tano Bi Zubeda alilibandua, akalifungia bizari, akamwambia mkurugenzi mkuu wa shirika kwamba kama ana nia ya kula mchana aende akalete makaa. Mkurugenzi mkuu alikwenda.

Mkurugenzi mwenyewe ni Nassor, mwanawe Bi Zubeda, miaka kumi na sita, kidato cha tatu, mwanafunzi wa bweni huko bara, ambako adhabu alizokwisha tumikia zingetosha kulima ekari mbili na kuzipalilia. Likizo ile ya Desemba 1998 alirudi nyumbani Magongo, Mombasa, na disketi moja mfukoni, aliyopewa na Fondo, mwenzake wa kitanda cha juu. Babake Nassor, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, alikuwa amepewa kompyuta iliyochokwa na ofisi, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege. Unaketi, unashika kijiti, unatazama kioo, na dunia inainama.

Mchezo huo ulikuja na ndege zake tatu nne. Nyingine ziliundwa na wapenzi wa mchezo majumbani mwao, huko Ulaya na kwingineko, wakazigawa bure, nazo zikasafiri kwa disketi, mkono kwa mkono, kama mbegu. Nassor alikwisha ongezea nyingi. Moja ilirudi kinyumenyume kila alipoiamuru kwenda mbele. Nyingine, dubwana la kwenda kasi kuliko sauti, ilizama kwenye lami hadi magotini. Lakini hii Friendship, yenye mabawa juu ya mgongo na rafadha mbili, ilisimama vyema kama bibi harusi, na injini zake zilipiga mluzi wa kweli.

Ni mluzi huo uliomleta Ami Khatibu. Alikuwa akitoka kuswali alasiri, akapita hapo barazani kumsalimu shemejiye, naye Bi Zubeda aliposhtukia, mgeni wake amekwisha simama mlango wa sebule, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

"Friendship," alisema. Kioo hakukiona bado. Pazia lilikuwa mbele yake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Iko wapi?"

Huyu Ami Khatibu, kaka mkubwa wa babake Nassor, alifanya kazi uwanja wa ndege miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya ndege iliyokwisha tua na kuipungia vibao viwili vya rangi ya chungwa, njoo, njoo, kata kushoto, taratibu, basi, mpaka isimame pahali pake. Hakupanda hata moja. Alistaafu mwezi wa sita, siku ya kawaida, bila hotuba wala soda. Friendship zenyewe zilikuwa zimetangulia kuondoka, na yeye husema zilimwachia masikio ya kusikia mluzi huo hata palipo kimya.

Aliketi mbele ya kompyuta akaitazama ile ndege kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya kaburi la walii, "Nani kaiunda hii?"

Dhamiri ya Nassor ilikuwa bado inatafuta kandambili zake alipojibu, "Mimi, Ami."

Ami akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Mwanangu! Kwa ajili yangu?"

"Naam," akasema Nassor, kwa kuwa aliyekwisha lowa haogopi mvua.

Basi hapo ndipo neema ilipoanza kumshukia, na neema isiyo haki yako ni nzito kuliko gunia la mchele. Kila asubuhi Ami alileta mahamri ya moto, nusu yake nusu ya mamake. Kila alasiri aliketi nusu saa kuitazama Friendship ikizunguka uwanjani, na kila alipoondoka alimwombea dua, kwa sauti, na majirani wakaitikia amina. Dua nyingi kiasi hicho Nassor hakupata hata alipougua malaria. Bi Zubeda, aliyekuwa amekwisha kata tamaa naye kwa adabu, alianza kumwekea mnofu badala ya shingo ya kuku.

Nassor, kwa kulinda heshima ya shirika, alichukua hatua mbili za kiutawala. Kwanza, kwa ile programu ya kuchorea picha, aliandika chini ya saa za vipimo zilizo mbele ya rubani: FUNDI MKUU NASSOR. Pili, alifuta kwenye kompyuta waraka mfupi uliokuja pamoja na ndege. Waraka huo uliandikwa na mtu wa Uholanzi aitwaye Wim, naye Nassor alikuwa ameusoma mara moja tu, mbio mbio, na hakutaka kuukumbuka.

Ijumaa, baada ya swala, Ami alikuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakata, na rafiki yake Mzee Tsuma wa Likoni, aliyekuwa mpakia mizigo uwanjani zama zake. Kwapani Ami alikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Khatibu ananambia umeunda Friendship," alisema Tsuma. "Mimi hiyo niliipakia hadi nikapinda mgongo. Kama umeniwekea na mizigo ndani, wallahi siishushi."

"Hakuna mizigo, mzee. Ni abiria watupu."

"Basi hiyo si ya Mombasa. Abiria wa hapa bila gunia la nazi?"

Ami hakucheka. Alifungua gazeti. Vibao viwili, rangi ya chungwa iliyopauka, mipini imelainika kwa kushikwa.

"Hivi ndivyo nilivyotoka navyo," alisema. "Leo navitumia mara ya mwisho, kisha ni vyako. Sina kingine cha kumpa mtu aliyenirudishia ndege yangu."

Nassor alirudisha mikono nyuma. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa: mama mlangoni, Tsuma kwenye kochi. Akashika kijiti. Akaiweka Friendship mwisho wa njia, akageuza picha ionekane kwa mbele, pua ikimtazama Ami. Mzee yule alisimama katikati ya sebule, kati ya meza na kabati la vyombo, akanyanyua mikono.

Ghafla hakuwa mzee. Mabega yalipanda, shingo ikanyooka. Njoo, njoo. Nassor akasogeza ndege. Kata kulia. Akakata. Bi Zubeda alivuta pumzi na kuziba mdomo kwa mtandio. Taratibu. Taratibu. Vibao vikapishana juu ya kilemba, basi. Nassor akazima injini, mluzi ukashuka, ukashuka, ukafa.

Tsuma alijifuta pua akasingizia mafua.

"Alhamdulillahi," alisema Ami. "Izungushe niione yote."

Nassor akazungusha picha: pua, mlango, ubavu, injini ya kushoto. Ami akainama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Akaweka kidole.

"Na hii hapa? Huu weusi?"

Nassor akatazama. Kweli, nyuma ya bomba la moshi la injini ya kushoto palikuwa na mchirizi mweusi, mrefu kuliko wa kulia, kama mtu aliyepangusa sufuria. Hakupata kuuona. Alijua fundi aliyekamatwa na uchafu anatakiwa afanye nini. Aliinuka, akaweka mkono kifuani, na kwa taadhima yote ya shirika akasema:

"Samahani sana, Ami. Hilo ni kosa la rangi. Kesho nitalifuta."

Ami akanyooka polepole. Akamtazama Tsuma. Tsuma alikuwa amekwisha acha kupangusa pua.

"Alifute?" alisema Tsuma. "Khatibu, husikii? Ati alifute."

"Nasikia."

"Ami, ni dakika tu..."

"Mwanangu," alisema Ami, kwa upole ulioumiza kuliko kiboko, "moshi huo huuoni kutoka barabarani. Huuoni kutoka kwenye jengo la abiria. Humpati mtu wa kukuhadithia, kwa sababu hakuna anayehadithia moshi. Huuona mtu aliyesimama chini ya bawa kila siku mpaka akaupenda. Aliyeuchora huu hawezi kuufuta. Ni nani?"

Nassor alitafuta uongo. Kwa kawaida walikuwepo saba wanane, wamejipanga kama wanafunzi wa chakula cha mchana. Siku hiyo hapakuwa na hata mmoja.

"Anaitwa Wim," alisema. "Wa Uholanzi. Babake alikuwa akiipakia mizigo, miaka kumi na tisa. Ameandika kwamba ameiunda kwa kumkumbuka. Hataki malipo. Ameandika ukiipenda, umpelekee kadi ya posta ya mji wako, basi."

"Mpakia mizigo," alisema Tsuma taratibu. "Nilijua."

"Na umeshampelekea kadi?" aliuliza Ami.

"La, Ami. Nimeufuta waraka. Ulikuwa na anwani yake, nikaogopa mtaiona. Lakini kwenye disketi bado uko."

Ami aliketi. Alivitazama vile vibao mapajani mwake kwa muda, na alipoinua uso, macho yalikuwa na maji lakini mdomo ulikuwa unatabasamu, ila si kwa Nassor.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ni mimi peke yangu." Kisha akageuka. "Na wewe, fundi mkuu, katika ndege hii umefanya nini hasa?"

"Nimeandika jina langu, Ami."

"Basi?"

"Basi." Nassor akageuza uso. Mlangoni mama yake alikuwa amekunja mikono, na ulimi wa Nassor, uliokwisha onja ukweli, ukakataa kusimama. "Na kuitua pia sijui. Hujaniona nikiitua hata mara moja. Kila siku kabla hujaja huigonga kwenye mikoko ya Port Reitz, kisha naifungua upya ikiwa chini tayari. Na yale mahamri, Ami, uliyosema nimpelekee mama nusu, sikumpelekea. Hata siku moja."