Kurasa za Mzee Breki

Meneja wa manunuzi ya usafirishaji alimpokea Mzee Breki kwa chai na tabasamu. Mzee, ambaye malori yake yalikuwa yameibebea kampuni mizigo kwa miaka kumi na tisa, alikuja na koti lake la harusini.

"Niandikie kila kitu, mzee wangu," alisema meneja. "Njia, madaraja, maghala yenye usumbufu. Kuna mkataba mpya."

Mzee alichangamka. Alijaza kurasa kumi na moja: daraja linalofunikwa na maji, kona inayopindua malori, mlinzi asiyefungua geti mpaka asalimiwe.

Alipotoka tu, meneja, bila hata chembe ya haya, alizituma kurasa zile kwa kampuni iliyoshinda zabuni wiki mbili kabla. Barua ya kumtema mzee ilikuwa kwenye droo, imeshasainiwa.

Asubuhi yake simu ililia.

"Mwanangu, jana nilipitiwa," alisema mzee. "Kuna mteremko mmoja sikuuandika. Ndipo nilipompoteza kijana wangu wa kwanza. Sitaki dereva mwingine afe pale."

"Pole sana, mzee wangu," alisema meneja, akivuta kalamu. "Ni kilomita ya ngapi?"